Mwanya Si Pengo

Juzi nilikuwa kwa daktari wa meno huku ughaibuni, mjini Katy. Kwenye kaunta walisimama mama mmoja wa Mombasa na bintiye. Daktari alinyoosha kalamu kwenye meno ya mbele ya msichana, akasema maneno ya Kiingereza. Binti akamtafsiria mamake: "Anataka kunifunga waya, alizibe hili pengo."

Mama akamshika kidevu. "Pengo ni la jino lililong'oka, mwanangu. Huu ni mwanya, wa bibi yako. Mwambie hauzibwi!"

Binti akacheka, mwanya ukaonekana wote.

Pale nilipoketi nikapitisha ulimi kwenye mwanya wangu, niliourithi kwa baba. Sikujaliwa mtoto, na nyumbani tuko wawili: mimi na televisheni. Baba aliniachia mwanya. Mimi nitaacha pengo.