Rupia Thelathini za Maharage

Mpaka leo nikiikumbuka ile benki damu inanichemka.

Wakati ule Mjerumani alikuwa ameshafikisha reli Morogoro, na wanunuzi wa pale stesheni walikuwa wanalilia maharage. Mimi nakaa Bigwa, lakini ndugu zangu wako Matombo, juu milimani, na huko maharage yalikuwa tele. Nilichokosa ni rupia thelathini tu! Ningewalipa wenye mali papo hapo, nikodi wapagazi, niteremshe mizigo, niuze, halafu nipande tena mlimani na fedha ileile. Bila hiyo nilishusha mzigo mmoja tu kichwani, na ndugu zangu wakabaki kutazama maharage yao yakitobolewa na wadudu ndani ya nyumba.

Nikasikia karani wa benki amekuja kwa treni, anakopesha. Nikaenda mbio.

"Dhamana yako nini?"

"Shamba la migomba, bwana karani. Lipo hapa hapa Bigwa."

"Lete shahidi."

Hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Nikapanda kumfuata mjomba wangu, nikidhani sasa nimepata mtu mzito. Njia nzima nilimbebea mfuko wake. Karani akamuuliza kama shamba ni langu.

"Lake? Thubutu!" mjomba akasema. "La ukoo wa mama yake. Huyu analima tu. Akifa, wanawe hawapati hata mgomba mmoja."

Karani akafunga daftari. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

"Mjomba, umenimaliza," nilimwambia tulipotoka.

"Ulitaka niseme uongo?"

Nikamrudishia mfuko wake, abebe mwenyewe.

Mle ndani, nyuma yangu, alikuwa amesimama setla mmoja, Mzungu mwenye shamba la katani. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mfereji wetu, pale alipokuwa akilima bibi yangu mzaa mama kabla serikali haijaichukua ardhi hiyo na kumkatia huyo setla. Yeye alikuwa na karatasi ya serikali ya shamba hilo. Hakuambiwa alete mjomba! Alikopeshwa siku ileile.

Msimu uliofuata maharage ya Matombo yalikuwa yamegeuka vumbi, na mimi nilikuwa nakata katani pale pale kwa bibi, nikilipwa ujira kwa fedha zilizokopwa kwa dhamana ya ardhi yake.