Mkono Mwekundu wa Sanamu ya Kaure

Mama yangu hakuwahi kumwamkia mama yake mzazi. Alikuwa bado ananyonya pale mauti yalipomchukua mzazi huyo, na picha marehemu hakuwahi kupigwa. Kaburi tulilijua, liko chini ya migomba kwa wajomba. Zaidi ya hapo hakuna kitu, hata kijiko. Marehemu alikuwa mfinyanzi wa kusifika, lakini vyungu vyake vilipasuka kimoja kimoja majikoni mwa watu, kama vinavyopasuka vyungu vyote. Mama alishaota mvi, na bado ukimtaja mama yake alikuwa anasema, "Mwenzenu sina hata kitu chake cha kushika."

Kwenye kabati la sebuleni tulikuwa na sanamu ndogo ya kaure, mwanamke wa Kizungu aliyevaa gauni pana. Mkono mmoja ameuweka kiunoni, wa pili ameunyoosha mbele kama anataka umpe wako. Mama alipewa na nesi wa misheni, mama wa Kizungu ambaye Mama alimfanyia kazi za nyumbani akiwa msichana. Siku nesi yule anaondoka kurudi kwao moja kwa moja, alimkabidhi sanamu na kumwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hii yako zaidi ya yangu." Mama akapokea kwa mikono miwili. Alijua ni adabu tu ya kuagana.

Nesi alikuwa na kawaida moja: kila Krismasi aliupaka chokaa ule mkono ulionyooshwa. Mama akairithi kawaida hiyo bila kuuliza. Kwetu mlimani kila Desemba nyumba zinapakwa chokaa kabla ndugu hawajapanda kutoka mijini, basi na sanamu nayo ikawa inapata kijiko chake. Sisi watoto tuliambiwa mkono ule unachafuka kwa sababu ndio unaosalimia watu. Tukaamini. Mimi nilikuwa nikipita kabatini nautolea shikamoo, na kaka zangu wananicheka.

Aliyemlea Mama ni mdogo wa marehemu, ambaye sisi tulimwita Bibi. Alikaa kwetu mpaka uzee wake, naye alikuwa mfinyanzi. Sanamu ile hakuigusa hata siku moja. Udongo usionuka moshi, alisema, ni udongo usio na kwao. Ukimweleza kwamba hii ni kaure ya Ulaya, anakuuliza kama inapika makande. Hapo mjadala umefungwa.

Basi ikaja miaka ile ya shida, duka lina mwenye duka na rafu tupu, nguo tunafulia majani ya mpapai. Tulivumilia. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Mimi wakati huo nilikuwa nauza duka Same mjini, na nilishuhudia vitu vinavyorudi: sabuni ya unga, vitenge, marobota ya mitumba yakishushwa barabarani. Na pamoja na wauzaji wakaja wanunuzi wa vitu vya kale, wanaoulizia saa za ukutani na redio za mbao. Mmoja wao, mtu wa Arusha, aliingia dukani kununua betri. Mimi nina mdomo, siwezi kukaa na jambo. Nikamsimulia sanamu ya nyumbani.

Akasema kama ni kaure ya kweli na akamjua aliyeitengeneza, atampa Mama cherehani ya miguu, anayo kwenye gari. Mama alikuwa mshonaji hodari asiye na cherehani. Aliazima ya kina mama wa kanisani, na zamu yake ilikuwa Jumanne tu. Siku nyingine zote anashona kwa mkono, sindano inamtoboa, anailaani kwa Kipare. Nilipomletea habari, alisema sanamu ni sanamu, hata yule nesi angefurahi. Bibi naye aliona ni biashara ya akili kuliko zote tangu azaliwe.

Jumamosi nilipanda na lori la wachuuzi, nimebeba mchele wa Kihurio na pakiti ya sabuni ya unga. Nikaiosha sanamu nikiimba. Chokaa ya Krismasi zote ikaanza kubanduka, na chini yake ukatokea mkono mwekundu. Mama aliuona akaketi chini. Tulijua sabuni imeuunguza. Alitaka tuupake upya haraka, nikakataa. Tusije tukaitwa matapeli. Usiku ule hakuna aliyekula vizuri.

Mnunuzi alikuja baada ya ibada. Alivua kofia, akamwamkia Bibi na Mama, kisha akaigeuza sanamu na kuiangalia chini kwa kioo cha kukuzia. Pale kulikuwa na taji dogo la buluu na herufi mbili, ambazo sisi miaka yote tulidhani ni pambo. Akatuambia hiyo ndiyo sahihi ya mtengenezaji: karakana ndogo ya Ujerumani, iliyofungwa zamani, kazi ya kabla ya Vita ya Kwanza. Uso ulimng'aa. Mama akanitazama, na mimi nikaanza kuisikia cherehani ikilia humo ndani.

Halafu akafika kwenye mkono. Akaukwaruza kidogo kwa ukucha. Sabuni haikuunguza kitu, akasema, huu ni udongo wa kuchoma, umegundishwa kwa ulimbo badala ya mkono uliovunjika. Akauliza ni nani aliyeutengeneza. Tukasema hatujui. Akasema si neno, ataung'oa, kuna fundi Nairobi atatia mwingine mweupe. Akatoa kisu kidogo mfukoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule bwana aliuliza. Katika nyumba yetu nzima, miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuuliza. Na Bibi, aliyekuwa kwenye kigoda chake akijifanya hasikii, aliposikia udongo wa kuchoma akanyoosha mkono apewe.

Macho yalishamchoka. Aliunusa kwanza, kisha akaupitishia kidole gumba taratibu. Wanawake wa kwetu walichoma vyungu pamoja, rundo moja la kuni kwa kina mama wengi. Ili kila mmoja atambue cha kwake kwenye majivu, alikandamiza ukucha kwenye udongo mbichi, kila mtu kwa namna yake. Kidole cha Bibi kilifika ndani ya kiwiko kikasimama. Kikarudi, kikasimama tena.

"Kucha mbili zinatazamana," alisema Bibi mwishowe. "Mwanangu, huyu ni mama yako."

Mama hakuelewa. Bibi akamweleza polepole, huku analia, kwamba dada yake alikuwa akipeleka vyungu misheni. Siku moja alirudi akasimulia kuwa nesi kavunja mkono wa mwanasesere aliyepewa na mama yake na analia kama mtoto, naye ataufinyanga mwingine. Bibi alimcheka, akasahau. Ndipo nami nikayakumbuka maneno ya nesi, kwamba hii yako zaidi ya yangu.

Mnunuzi alikuwa mtu mwenye haki. Alisema basi atautoa mkono kwa uangalifu, sisi tubaki nao, yeye achukue kaure, na cherehani ni yetu vilevile. Nakiri mimi niliona ni neno la busara. Mama aliichukua sanamu mikononi mwa Bibi.

"Alichokiunga mama yangu," alisema, "mimi sikibandui."

Wapare tunataniwa kwa ubahili, na yule bwana alidhani Mama anapandisha bei. Akaongeza na jora la kitambaa. Mama akatikisa kichwa. Hapo yule bwana akamtazama usoni, akaelewa, akakunja kisu. Alikula makande yetu, na kabla ya kuondoka alitueleza upya habari za lile taji, kama mtu anayetuachia zawadi. Sikumwona tena. Namwombea heri hadi leo, yeye na yule nesi.

Mnunuzi alipotoka, Mama aliweka ukucha wa kidole chake cha mwisho kwenye alama moja, kisha kwenye ya pili. Uliingia sawasawa.

Cherehani hatukuipata. Mama aliendelea na zamu yake ya Jumanne na kuilaani sindano kwa Kipare, na gauni alilonishonea kwa mkono mwaka ule ninalo. Krismasi ilipofika tulipaka chokaa kuta zote. Mama alifika kabatini na kopo lake, akasimama. Aliliweka kopo chini, akajifuta vidole kwenye kanga, akaushika ule mkono mwekundu.

"Shikamoo, mama," alisema.