Siku Thelathini za Tangazo la Maji

Saa mbili asubuhi, mbandika matangazo wa halmashauri amesimama mbele ya ubao, miwani puani, anasoma karatasi aliyoibandika mwenyewe. Anaisoma yote, mpaka mhuri. Kisha anaandika kwenye daftari: siku ya kumi na tisa, lipo.

Tangazo linasema halmashauri mbili jirani zinakusudia kuunda mamlaka moja ya maji, na wananchi wanaalikwa mkutanoni kutoa maoni. Sheria inataka likae wazi siku thelathini mfululizo, kwenye ofisi zote mbili. Likikosekana hata siku moja, hesabu inaanza upya.

Na ilishaanza upya. Mwezi uliopita, siku ya ishirini na sita, mzee huyu aliona ubao umechakaa. Kwa kupenda kazi safi, akalibandua tangazo, akaupaka ubao rangi. Rangi ikachelewa kukauka, tangazo likalala kabatini siku mbili.

"Nilijitia kidole jichoni mwenyewe," anasema. "Miaka ishirini na miwili kazini! Karani akaniuliza, 'Mjomba, ulitaka tangazo lipendeze kwa nani?' Nikakosa pa kuweka uso."

Aliyeumia zaidi ni yeye. Mtaani kwake hakuna bomba, na kisima kiko kilomita mbili. Magoti ya mkewe yalipogoma, mama huyo alihamia kwa dada yake, halmashauri ya pili, ambako bomba liko uani. Huu ni mwaka wa tatu. Mume hawezi kuacha kazi, kwa hiyo wanaonana Jumapili tu.

"Watu wanadhani tumegombana. Wapi! Tumetenganishwa na ndoo," anasema, anacheka, halafu kicheko kinamwishia. Anammisi mkewe, na haoni haya kusema. Hata sasa analala upande wake uleule wa kitanda.

Mkewe, kwa simu, hana maneno mengi: "Baba watoto, safari hii usiguse kitu. Hata vumbi liache."

Mamlaka ikiundwa, bomba litavushwa hadi mtaani kwao. Zimebaki siku kumi na moja, kisha mkutano.

"Nimewaita watu mikutanoni miaka yote hii, mwenyewe sijawahi kunyoosha mkono," anasema. "Safari hii nitanyoosha."

Atasema nini?

Anavua miwani, anaifuta taratibu kwa shati.

"Wataalamu wataongea mambo ya mabomba. Mimi nitasema namtaka mke wangu nyumbani."