Perpetua Aliyeomba Moto Kwangu

Usiku ule mashine za shamba la ngano la serikali zilikuwa zinavuna, na binti yangu Imakulata, aliyekuwa akiugua akili, alikuwa amepotelea humo kwenye ngano. Nilikaa nikitazama taa zao, nikingoja kuambiwa amekanyagwa. Alfajiri jirani yangu Perpetua akamleta, kamshika mkono.

"Dereva alizima mashine anywe chai," akasema, "ndipo tukamsikia anaimba."

Perpetua alikuwa mpishi wa vibarua wa shamba. Kaka yake Akonaay aliwahi kuugua akili miaka sita, majirani wakawatenga. Alipopata nafuu kwa dawa, Perpetua alimwomba Ludovika, nesi wa zahanati, awafundishe wenye wagonjwa kila Alhamisi kwenye banda lake la jiko.

Mimi sikwenda. Nilinunua kufuli, nikamfungia Imakulata chumbani.

Kwetu nyumba yenye balaa haiombwi moto. Majirani walipita mlangoni kwangu na vigae vyao vya kubebea makaa, wakaomba moto mbali. Asubuhi moja Perpetua akasimama uani na kigae.

"Mama Imakulata, nipe kaa la moto."

"Hujui nyumba hii ilivyo?"

"Naijua. Chai ikichelewa, vibarua watanila mimi."

Nikampa. Akapita nalo polepole mbele ya maduka, kila mtu amwone, akawapikia watu sabini. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akaja Helena wa jirani, kigae amekificha ndani ya kanga.

Alhamisi nikaenda. Nilikiri kwamba nilimpa Imakulata vidonge vyake vya zahanati siku mbaya tu, vingine nikaviweka akiba.

"Mama, vidonge si mbegu," nesi akasema. "Ni vya kila siku, hata akionekana mzima."

Wenzangu wakacheka, nusu yao nao walikuwa wameweka.

Tukaanza upya. Mwezi wa nne wa dawa Imakulata alikuwa analala usiku kucha, anasuka nywele zake mwenyewe. Lakini kufuli nililiacha mlangoni, maana niliogopa. Perpetua akaja.

"Nataka mtu wa kumenya viazi."

"Akitoroka je?"

"Tutamtafuta wote. Wa Alhamisi tuko kumi na wawili sasa." Hakugusa mlango. "Ufunguo unao wewe, dada."

Nilikosea tundu mara mbili. Mlango ulipofunguka, Imakulata alikuwa amesimama tayari, kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mama," akamwambia Perpetua. "Viazi ni magunia mangapi?"