Mjukuu wa Msiba wa Kiseke

Nimechoka, ndugu zangu, ila acheni niseme. Baba alifariki bila kunionyesha ndugu hata mmoja. Msomi wa madarasa ya jioni nikapekua daftari la ubatizo la parokia mpaka macho yakaota kutu, nikapata wa kumwita babu, Kiseke. Mwanawe, niliyeanza kumwita baba mdogo, akakubali tupime vinasaba.

Kabla ya majibu, babu akafariki. Kwetu mjukuu humtania babu hata msibani, basi nikavaa kofia ya marehemu, nikakohoa kama yeye, nikadai ugali.

“Kamrithi mpaka kikohozi!” shangazi akacheka.

Baba mdogo akainua macho kwenye simu.

“Majibu yametoka. Hatuna undugu. Sasa kofia ya baba yangu umeivaa kama nani?”