Nilisema ni Tetekuwanga

Mke wangu amekufa kwa ndui, na mimi ndiye niliyempa mtu mwingine dawa yake. Nilisema uongo wa neno moja tu, kwa sauti ya chini, mbele ya mtu aliyeniamini. Naandika haya gazetini kwa sababu watu wa kijijini kwetu bado wananipa pole, na kila pole inanichoma.

Jina langu naliacha. Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi hapa Ufipa, mahali pasipo mbali na Kasense. Shule ya misheni nilisoma miaka michache, nikajua kusoma na kuandika, basi. Mkiona maneno yangu yanarukaruka, nivumilieni. Tangu msiba huu situlii mahali pamoja. Nikishika jembe naliacha, nikikaa nasimama. Juzi nilitembea mpaka Milanzi, na nilipofika sikujua nimefuata nini, nikarudi.

Ugonjwa uliletwa kwetu na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Simlaumu. Alikuwa akipakia mizigo kwenye lori la mwenye duka mmoja wa mjini Sumbawanga. Lori liliteremka bonde la Rukwa kuchukua samaki wakavu, naye akarudi na homa, kisha vipele. Jumbe akaamuru ajengewe kibanda peke yake, mbali na nyumba za watu.

Mke wangu akasema, "Mama yetu hayupo. Nani atampa uji kama si mimi?" Akawa anakwenda kila siku. Baba yao, yaani baba mkwe wangu, alikuwa akipeleka kuni na kuziacha njiani.

Ndipo bomani wakamtuma dresa, msaidizi wa daktari, aje kuchanja. Alikuwa mtu wa upande wa Tabora, mfupi, mwenye maneno mengi. Alifika na kisanduku alichokizungushia kitambaa kibichi, maana dawa ile haipendi joto. Jumbe alikuwa na safari, akaniachia mimi kazi ya kupanga watu. "Wewe unazijua nyumba zote," aliniambia, "na husemi ovyo."

Dresa akaniita pembeni, akafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na mirija myembamba ya kioo, michache.

"Bwana, dawa hii haiwatoshi," akasema. "Itachanja labda nusu ya hawa ninaowaona. Nyingine italetwa, lakini sijui lini. Kwa hiyo wewe uwe macho yangu. Watangulie wanaoingia kwa mgonjwa. Kisha watoto. Kisha wengine, mpaka iishe."

"Na wazee?"

"Wazee baada ya watoto. Na mwenye makovu ya ndui asikae hapa kabisa. Huyo amekwisha kuugua, hataugua tena. Kumpa dawa ni kuimwaga."

Nilimwelewa. Sitaki mtu anitetee kwamba sikuelewa.

Lakini nilipogeuka, wazee walikuwa wamekwisha kaa mbele. Hawakuambiwa na mtu. Kwetu mahali pa mbele ni pao, kwenye pombe, kwenye shauri, kwenye msiba. Akina mama na watoto walikuwa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuwabadilisha. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikasema, "Shikamooni, wazee wangu. Mtu wa dawa anaomba wanaouguza watangulie, na watoto."

Mzee mmoja akajibu, "Watangulie, mwanangu. Nani amewafunga miguu?"

Hakuinuka. Wa pembeni yake naye hakuinuka. Akina mama wakacheka, wala hakuna aliyethubutu kupita mbele. Mimi nikacheka nao, nikayaacha mambo kama yalivyo. Mke wangu alikuwa bado kule kibandani. Nilijiambia atakuja, na wazee si wengi.

Dresa akanitazama, akatazama jua, akaanza.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyekuwa mfua chuma zamani. Uso wake wote ulikuwa umechimbika kwa ndui. Dresa akamwambia, "Babu, wewe kodi yako ulikwisha kulipa. Nenda kapumzike."

"Nichanje tu," mzee akasema. "Nimetoka mbali."

"Sina dawa ya kuchezea, babu."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mkwaruze hata kidogo, maskini. Bibi atamwuliza alikuwa wapi tangu asubuhi." Watu wakaangua kicheko. Yule mzee akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga.

Aliyefuata alikuwa baba mkwe wangu.

Yeye makovu yake ni machache. Mengine yamefichwa na ndevu, mengine yako kwenye paji la uso. Dresa akamwinua kidevu kama anavyoinuliwa mtoto. Baba mkwe akatazama chini. Watu wote wakawa wanangoja kucheka tena.

Kwetu mkwe hatajwi jina. Hatazamwi usoni, wala hapingwi mbele ya watu. Tangu nioe sijawahi kumwambia yule mzee neno la hapana. Makovu yale niliyajua. Mke wangu mwenyewe alinieleza, zamani, kwamba baba yake aliugua ndui akiwa mdogo, nduguze wakafa, akabaki yeye.

Dresa akaniuliza, "Alama hizi za hapa ni za nini?"

Nikasema, "Ni tetekuwanga."

"Una hakika?"

"Namjua huyu."

Akamchanja. Baba mkwe aliposhusha mkono wa shati alikohoa kidogo, kama afanyavyo anapopewa kata ya pombe kwa adabu. Nilifurahi. Hilo nalo nalisema, kwa kuwa nimeahidi kusema yote. Nilijiona kijana mwenye heshima. Wakaja wazee wengine wawili wenye alama kama zake, nami nikasema neno lile lile. Mdomo ulikuwa umekwisha kuzoea.

Baada ya wazee wakaja watoto. Dresa alifanya haraka, watoto wakalia. Watoto wangu walipata, namshukuru Mungu. Alikuwa kwenye mrija wa mwisho nilipomwona mke wangu anakuja njiani na chungu cha uji kichwani.

"Nimechelewa, jamani?" akasema. "Mgonjwa wangu leo amekula mpaka akalamba mwiko."

Dresa akageuka. "Wewe ndiwe unayeingia kwa mgonjwa?"

"Ndimi. Kwani nanuka?"

Watu wakacheka. Dresa hakucheka. Aliinua ule mrija kwenye mwanga, akaugongagonga kwa ukucha. Ulikuwa mtupu. Akachukua mwingine uliokwisha tumika, akautazama, akauweka chini.

"Mama, ulikuwa wapi? Wewe ulitakiwa uwe wa kwanza."

"Wa kwanza, mbele ya wazee?" Mke wangu akanitazama, macho yake yakicheka. "Mume wangu angeuficha wapi uso wake?"

Nilisimama pale. Baba mkwe alikuwa ameketi hatua chache tu, mkono wake bado mbichi. Ningeweza kusema wakati ule. Isingesaidia kitu, dawa ilikuwa imekwisha, lakini angalau mke wangu angejua, asingerudi kule kibandani. Angetafutwa mtu mwenye makovu akauguze, mmoja wa wale wale wazee. Sikusema. Kesho yake akaenda tena na uji.

Shemeji alipona. Vipele vilikauka, akaanza kukaa mlangoni kuota jua. Wakati huo huo dada yake alilalamika mgongo, kisha homa, kisha tukaona vipele usoni mwake. Alilazwa kwenye kibanda kile kile, na shemeji ndiye aliyemwuguza sasa. Mimi nilikatazwa kuingia. Nilikuwa nikisimama mbali na kumwita.

"Watoto wamekula?" aliniuliza kila mara.

"Wamekula."

"Basi nenda. Unasimama kama mti."

Siku moja niliita, akajibu shemeji.

Jumbe alisema waliowahi kuugua ndio wambebe na kumzika. Yule mfua chuma alikuja, ingawa hakuna aliyemwita. Na baba mkwe akasimama mwenyewe, mbele ya watu wote, akamshika binti yake miguuni. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye haogopi. Kijiji kizima kilijua kwamba aliugua. Ni dresa peke yake ambaye hakujua, na aliyetakiwa kumwambia ni mimi.

Matanga yalipokwisha, baba mkwe alimtuma dada yake kwangu, maana yeye na mimi hatuzungumzi uso kwa uso. Yule mama akaketi, akafunga vizuri kanga yake, akasema, "Kaka anakuuliza. Anasema, ile dawa aliyotiwa yeye mkononi, ilikuwa ya nani?"

Nikajibu, "Mwambie ilikuwa ya watu wote."

Akaenda nalo jibu hilo. Sijui baba mkwe alilipokeaje. Hakutuma tena.

Nilikwenda kwa padre, nikaungama. Alinisikiliza kwa upole, akaniondolea dhambi. Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi, na kabla sijafika Pito uzito ulikuwa umerudi. Nilimlimia mke wangu ulezi wake, yale matuta aliyoyaanza, nikayalima na kuyarudia, mpaka jirani akaniuliza natafuta nini mle.

Kisha dresa akarudi na dawa nyingine, sasa ya kutosha. Alipouliza habari za yule mama wa uji, watu wakaninyooshea kidole. Nikamvuta pembeni nikamweleza. Nikamwambia: yule mzee ni mkwe wangu, makovu yake ni ya ndui, nami nilijua.

Nilitegemea anitukane. Alikaa juu ya kisanduku chake, akavua kofia.

"Kwa nini hukuninong'oneza?" akasema. "Ungeniambia tu, huyu ni mkwe wangu, nisaidie. Ningemkwaruza na sindano kavu. Angekwenda nyumbani na alama yake na heshima yake, na dawa ingebaki. Nimewafanyia hivyo wazee wangapi huko njiani! Yule mfua chuma nilimkosea, nilikuwa nimechoka. Lakini wewe nilikuuliza mara mbili."

Kweli aliniuliza mara mbili.

Hilo ndilo linalonitembeza sasa. Nilidhani mbele yangu kulikuwa na njia mbili, kumwaibisha mkwe au kumdanganya dresa, nikachagua ile isiyoniumiza mimi. Ya tatu ilikuwa kusema kweli sikioni mwa mtu mmoja. Haikunijia, kwa sababu sikuwa nikimfikiria mgonjwa wala mwuguzaji. Nilikuwa nafikiria watu watanionaje.

Ninyi mnaosoma haya, ugonjwa huu haujaisha nchini, na chanjo haitatosha kila mahali kwa siku moja. Kama umepewa kazi ya kusema nani atangulie, usianze na waliokaa mbele. Anza na yule ambaye hayupo kwa sababu yuko kwa mgonjwa. Mtume mtu akamwite, msubirini, hata kama wazee watakuona huna adabu. Na kama kuna mzee huwezi kumkatalia, usimfunike kwa uongo. Mnong'oneze mwenye dawa.

Lingine ni hili. Gazeti likifika kijijini kwetu, wazee hukusanyika kwa jumbe wasomewe, na msomaji wao ni mimi. Baba mkwe huwa hakosi. Sikuweza kumjibu kwa mdomo wa dada yake, na mila hainiruhusu kumjibu kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini kusoma ni kazi niliyopewa. Nimeapa sitaruka ukurasa huu, na sitampa mtu mwingine anisomee. Nitapiga magoti, nimsomee mpaka mwisho: baba, dawa ile ilikuwa ya binti yako, na wewe hukuichukua. Nilikupa mimi.