Choki Mbili za Mama Saadi

Siku ya kwanza Mama Saadi alipoingia dukani kwangu Ruangwa, alisalimia, kisha akainua choki, kile kidude kizito kinachopeleka umeme kwenye taa ya tyubu, akaipima mkononi kama anayenunua kuku.

"Tyubu ninayo, na choki yake. Nataka ya pili."

"Tyubu moja inakula choki moja, mama."

"Yangu inakula mbili. Inawaka mpaka naliona tundu la sindano."

"Itaungua upesi."

"Si utaniuzia nyingine? Unalia nini, tajiri?"

Alikuwa fundi cherehani wa Mbekenyera, na macho yalishaanza kumtupa. Kazi yake kubwa ni nguo za watoto wanaotoka jandoni. Zile sharti ziwe mpya, nyeupe pe, kwa hiyo barazani penye vumbi jekundu hashonei. Anajifungia chumba cha ndani, chenye giza mchana kutwa. Mshono ukienda upande, wazazi wanahamia nguo za dukani, naye riziki imekwisha.

Nikamwachia choki kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba tyubu zote anunue kwangu. Tyubu ambayo kwa wengine hukaa mwaka, kwake iliungua nyeusi miishoni kabla mwezi haujaandama. Nilimpenda kama mtu anavyopenda mkorosho usioruka msimu. Hata nilikwenda mwenyewe kuzifunga choki zake kwenye kipande cha bati, mbali na mbao, maana zilichemka kama pasi. Nyumba ya mteja ikiungua, na mteja nimempoteza.

Zikaja taa za LED, watu wote wakahama. Mama Saadi alijaribu balbu moja, akairudisha.

"Hii inaniwekea kivuli cha mkono juu ya sindano. Tyubu ni ndefu, kivuli hakikai."

Nilicheka moyoni: huyu hana pa kwenda ila kwangu. Kumbe naye alikuwa anaitazama rafu yangu. Jando lilipokaribia akaja, akapuliza vumbi juu ya katoni za tyubu.

"Tajiri, mbali na mimi, nani ananunua hizi?"

Hapo ndipo nilipopigwa.

"Basi nazibeba zote, nusu bei."

"Nusu bei, na kanzu ya mwanangu. Anaingia mwaka huu."

"Kanzu sawa. Kofia juu yako."

Msimu ule hakurudishiwa hata nguo moja. Mwanangu alitoka jandoni na kanzu ambayo mshono wake unautafuta kwa kidole, na akina mama wakaniuliza fundi ni nani. Nikawaelekeza Mbekenyera, bure.

Kofia nilinunua.